Viwakilishi kwa Sauti Nne

Mgeni aliyefika Dzaleka, makazi ya wakimbizi kule Malawi, akimuulizia Mathilde Irankunda aliambiwa afuate kelele. "Yule mama wa kwaya," walisema Warundi. "Mama Douce, ule anafundishaka Kiingereza na nyimbo," walisema watu wa Zaire. Maelezo yote mawili yalikuwa sahihi, maana kwa Mathilde kwaya na Kiingereza vilikuwa vimeshonwa pamoja kama nguo na pindo lake. Hapo ndipo sifa yake ilipoanzia, na hapo hapo ndipo nusura imtokee puani.

Alikuwa mtoto wa miaka kumi alipokimbia Burundi mara ya kwanza, mwaka wa sabini na mbili, ameshika ncha ya kitenge cha mama yake. Alikulia Ulyankulu, kule Tabora, katika makazi ya wakimbizi ambako watu walilima tumbaku na wakamaliza kujenga makanisa kabla ya kumaliza nyumba zao. Huko alisoma hadi kidato cha nne. Huko vilevile alijifunza kuimba kwa do-re-mi zilizoandikwa ubaoni, mbele ya mwalimu wa kwaya aliyeweza kulisikia kosa la mtu mmoja katikati ya kundi zima. Kwaya za Ulyankulu hazikuwa mchezo. Mtu alipewa sauti yake akiwa kijana, soprano au alto, teno au besi, akaifanyia mazoezi na wenzake wa sauti hiyo peke yao nyuma ya kanisa, akazeeka nayo. Kuimba sauti ya jirani kuliitwa wizi, na mwizi wa sauti alichekwa kuliko mwizi wa kuku.

Mwaka wa tisini na tatu alirudi Burundi na mume wake, Ndayisenga, wakiamini kwamba safari hii ni ya kurudi kweli. Kabla mahindi waliyopanda hayajafika magotini, nchi iliwaka tena. Ndayisenga hakutoka. Mathilde alivuka na binti yake Douce mgongoni, akakaa Tanzania kwa muda, kisha akasukumwa na maneno ya watu na tumaini la kazi hadi Malawi, akateremka kwenye lori mbele ya kuta ambazo hadi juzi zilikuwa za gereza. Wamalawi walipomweleza maana ya jina Dzaleka, kwamba ni maneno ya mtu anayesema sitarudia tena, hakucheka wala hakulia. Alisema tu, "Na mimi hivyo hivyo. Kukimbia, basi." Halafu akauliza watu wanaimbia wapi.

Kwaya ilikuwapo, ila ilikuwa kama shamba lisilopaliliwa. Aliipalilia. Muda haukupita, Jumapili watu wakawa wanasimama nje ya kanisa kwa kukosa nafasi, na wale wa kutoka Bukavu, ambao huwa hawasifu kitu kirahisi, wakakubali kwamba kwaya ya Mama Douce inaimba.

Kiingereza kilianza kwa sababu ya Gakiza. Huyu alikuwa jirani yake, mjane wa Kirundi mwenye sauti nyembamba na miguu isiyochoka, aliyekuwa akipanda matola, yaani magari ya mizigo yanayobeba abiria, kwenda kuuza nyanya Lilongwe katika soko la Chilinde. Siku moja mchuuzi mwingine alilishika tenga lake na kudai ni la kwake. Askari akaja. Akauliza kwa Kichewa, Gakiza akamtazama tu. Akauliza kwa Kiingereza, la nani hili? Gakiza akajipiga kifua, akalipiga tenga, akajipiga kifua tena. Yule mchuuzi naye akajipiga kifua, kisha akaongeza neno moja la Kiingereza. Tenga likaenda na mwenye neno.

"Nilikuwa nalo tumboni," Gakiza alimwambia Mathilde jioni ile, mikono mitupu magotini. "Langu. Neno dogo hivi! Langu! Lakini halikuwa na mlango wa kutokea."

Neno hilo lilimkaa Mathilde kooni kama mwiba wa samaki. Wiki hiyo hiyo alikwenda soko la Biwi, huko huko Lilongwe, akapekua marundo ya vitabu vya mitumba, akapata kitabu cha sarufi ya Kiingereza kisicho na jalada. Kurasa nyingi zilikuwa zimenyofolewa, lakini sura ya viwakilishi ilikuwa nzima. Aliona hiyo ni ishara ya kutosha. Akaomba banda lililokaa tupu karibu na ofisi ya makazi, akapewa kwa mdomo tu, na watu wa kwaya wakaja kuketi juu ya matofali.

"Kiwakilishi ni neno linalosimama mahali pa jina," alisema siku ya kwanza.

Walimtazama kama Gakiza alivyomtazama askari.

Akafikiri kidogo. "Asubuhi pale bombani, ukiwa kwenye mstari, ukakumbuka umeacha moto unawaka, unafanya nini?"

"Naacha ndoo yangu, nakimbia," alisema Gakiza.

"Na watu wakiiona ile ndoo?"

"Banajua iko ya Gakiza," alidakia Théophile. Huyu Théophile alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, mwenye kifua kama pipa na besi ambayo watu waliihisi miguuni kabla ya kuisikia. Aliuacha mji wake mapema, wakati majirani bado wanamcheka kwa woga, na tangu hapo hakupenda kuchekwa tena.

"Basi ndoo hiyo ndiyo kiwakilishi," alisema Mathilde. "Haina sura yako, lakini inashika nafasi yako, na hakuna anayeipita."

"Bengine banapitaka," alisema Théophile, na darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu walijua anayepita ni yeye mwenyewe.

Akawaeleza kwamba Mwingereza ana ndoo ya kila hali. Mtu akitenda jambo ni "I". Akitendwa ni "me". Kitu kikiwa chake ni "mine". Akijitenda mwenyewe ni "myself".

"Ndoo zote hizo za muntu moya?" aliuliza Fabien, kijana mrefu wa Uvira aliyeketi karibu na Théophile. "Baingereza bako na maji mingi."

Walicheka, wakarudia, wakaenda nyumbani, na kesho yake wakawa wamesahau kila kitu. Ikawa hivyo kwa majuma. Walikuwa watu wazima, wamebeba mambo mengi vichwani, na maneno mapya hayakupata pa kukaa. Ila Mathilde aligundua jambo: watu hao hao waliosahau neno moja kwa usiku mmoja walikumbuka zaburi ndefu kwa miaka, pamoja na kila pumzi yake. Akatunga wimbo. Soprano wakapewa "I, you, he, she, it, we, they". Alto wakaitikia "me, you, him, her, it, us, them". Teno wakaja na "mine, yours, his, hers, ours, theirs". Chini yao wote besi wakatembea polepole na "myself, yourself, himself, herself, ourselves, themselves". Kiitikio kilikuwa cha watu wote, kwa vidole: "this" karibu na kifua, "that" kule kilimani, "these", "those". Alifundisha kila sauti peke yake, kama alivyofundishwa, besi nyuma ya banda, soprano chini ya ukingo wa bati.

Siku sauti nne zilipokutana kwa mara ya kwanza, Mathilde aligeuka akatazama ukuta. Ndayisenga alikuwa teno. Teno walipopanda na "ours", alimsikia humo ndani, wazi kabisa, akivuta lile neno kidogo kuliko wenzake kama alivyozoea. Hakumwambia mtu. Aliinua mkono, wakaimba tena tangu mwanzo.

Wimbo ulienea. Wanawake waliuimba wakisonga nsima, ugali wa huko, mafundi wakaukanyaga kwa cherehani. Hata aina nyingine za viwakilishi zilipata mahali. Walipofika kwenye vile visivyotaja mtu maalumu, Théophile aliinua mkono.

"Mama Douce, 'nobody' njo nini?"

"Hakuna mtu."

"Aa, nimeelewa. Njo siye."

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini Mathilde hakucheka. Alifuta neno lile ubaoni kwa kiganja. "Tutaanza na 'somebody'," alisema. "Hilo lingine mmeshalijua vya kutosha."

Wakati huo ilikuwa mwaka wa tisini na sita, na mvua zilikuwa zinakaribia. Karani wa ofisi ya makazi, Mmalawi mpole mwenye futi mkononi, aliingia bandani katikati ya somo, akapima upana, akapima urefu.

"Mahindi ya mgao hayawezi kulala nje, amayi," alimwambia Mathilde, kwa heshima anayopewa mwanamke mzima huko. "Wanaoimba wanaweza kuimba popote."

"Hawaimbi. Wanasoma."

"Mimi kila nikipita nasikia kwaya. Na ualimu amekupa nani?"

Mathilde aliweka chaki chini. Alikwenda kwa mkuu wa karani, akasimama mlangoni hadi akasikilizwa. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema hivi: kule Lilongwe, mtaa wa Area 18, yuko mwalimu mstaafu wa Kiingereza, Madamu Kamwendo, ambaye neno lake linaaminiwa na ofisi. Kanisa lake limesikia habari za kwaya ya Dzaleka na limeialika. Waende wakaimbe, naye awapime papo hapo. Akisema ni darasa, banda ni lao na Mathilde atatambuliwa kuwa mwalimu. Akisema ni kwaya, mahindi yataingia.

Walikwenda Jumapili, wamefua na kupiga pasi kila kilichoweza kupigwa pasi, Théophile amevaa koti alilojishonea mwenyewe. Baada ya ibada waliingia ukumbini. Madamu Kamwendo alikuwa mama mnene wa miwani, ameketi kiti cha mbele, mkoba juu ya mapaja. Waliimba viwakilishi. Waliimba kama hawajawahi kuimba, kila sauti ikishika njia yake bila kugusana na nyingine, na walipofika kwenye kiitikio Madamu alikuwa akipiga mguu sakafuni. Watu wa kanisa walishangilia. Mathilde alijua wameshinda.

"Zikomo, zikomo kwambiri," alishukuru Madamu Kamwendo kwa Kichewa, akafuta miwani. "Sasa, wewe mwenye koti zuri." Akamwonyesha Gakiza kwa kidole, akamuuliza Théophile kwa Kiingereza cha taratibu: "Mwanamke yule ni nani?"

Théophile akajaza kifua. "Herself!" alinguruma, hadi madirisha yakaitika.

Watu walidhani ni mzaha. Madamu aliuliza tena, akibadilisha maneno: anatoka wapi, anafanya nini?

"Herself," alisema Théophile. Jasho likaanza kumtoka. "Themselves?"

Madamu akamgeukia Gakiza, akalinyanyua tenga jipya ambalo Gakiza alikuja nalo limejaa nyanya za zawadi. "Hili ni la nani?"

Midomo ya Gakiza ilichezacheza. Mathilde aliona jinsi alivyolitafuta neno, alivyolipapasa gizani. "I," alisema Gakiza. "You. He. She." Akaendelea hadi mwisho wa mstari wa soprano, kwa sauti iliyozidi kupungua.

Hakuna aliyejibu vizuri. Alto mmoja alijibu kila swali kwa "them". Madamu Kamwendo alifunga mkoba wake taratibu, akamwita Mathilde pembeni.

"Amayi, kwaya yako ni nzuri kuliko ya kwetu, na sisi tuna kinanda. Lakini darasa sijaliona. Kila mmoja ana kipande chake cha mkate, na hakuna aliyekula mkate."

Maneno hayo yalimwingia Mathilde hadi ndani, kwa sababu yalikuwa ya kweli, na kwa sababu Gakiza, ambaye kwa ajili yake yote haya yalianza, alikuwa bado hana neno la kulishikia tenga lake. Neno hilo lilikuwa kwa wanaume wa teno, walioliimba vizuri na hawakuuza kitu.

"Njoo Dzaleka," alisema. "Kabla mvua hazijaanza. Uwaulize tena, bila wimbo."

"Nikija, sitakubeba."

"Sikuombi unibebe, Madamu. Nakuomba masikio."

Yule mama alimtazama juu ya miwani. "Nitakuja," alisema.

Juu ya matola, wakirudi, waliziacha taa za mji nyuma yao. Ndipo Théophile alipolipuka.

"Ule mama hana haki! Aliniuliza swali ya soprano! Mi iko besi, kila muntu anajua. Angeuliza basoprano!"

"Na mimi akaniuliza ya teno," alisema Gakiza, akijifuta pua. "Ningeijibuje? Si yangu."

"Njo vile. Kila muntu na swali yake."

Watu wote garini walikubaliana: mtihani haukuwa wa haki. Mathilde aliwasikiliza, na taratibu akaelewa. Hawakuwa wazito wa akili. Walikuwa waimbaji waaminifu. Walikuwa wamesikia kila neno la wenzao mara zisizo na idadi na kulikwepa kwa makusudi, kama mtu anavyokwepa kutazama chungu cha jirani, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba sauti ya mwenzio haiguswi. Alicheka peke yake gizani, kicheko kisicho na furaha, na Gakiza akamshika mkono akidhani analia.

Kesho yake aliwasimamisha bandani. "Kuanzia leo besi wataimba ya soprano. Soprano wataimba ya teno. Tutazunguka hadi kila mtu awe na nne zote."

Ilikuwa kama amewaambia wabadilishane wake na waume.

"Wizi!" alipiga kelele mtu wa nyuma.

"Mama Douce," alisema Théophile, amekunja mikono kifuani, "nakuheshimu sana. Lakini mi siwezi imba sauti ya bamama. Bantu batanichekaka mpaka Bukavu."

"Bukavu walishakucheka ukaondoka, na wewe ndiye uliyekuwa na akili," alisema Mathilde. "Haya, nisikilize mimi kwanza."

Akashuka. Yeye, soprano tangu alipovunja ungo, ambaye hakuwahi kuimba noti isiyokuwa yake, alitafuta besi chini kabisa ya koo lake na kuanza: "Myself, yourself, himself..." Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikarudi. Watu waliokuwa bombani walisogea madirishani.

"Mama Douce," alisema Théophile kwa huruma ya kweli, "kama vile mbuzi iko na mafua."

"Maneno umeyasikia?"

"Nimeyasikia."

"Basi ndiyo ninayoyataka. Uzuri tutauacha hapo nje."

Théophile alitazama dirishani, akatazama koti lake, akafumba macho. Kilichotoka katika lile pipa kilikuwa kisauti chembamba kama filimbi ya mtoto. "I, you, he, she..." Watu walicheka hadi wakashika kuta. Fabien alilala chini. Théophile alifungua jicho moja, akaona kwamba anachekwa na hajafa, akaendelea hadi mwisho wa mstari. Baada yake hakuna aliyeweza kukataa.

Bei yake ilionekana Jumapili. Katikati ya wimbo wa kutoa sadaka, besi wawili walipanda juu, soprano wakateremka kuwafuata, teno wakasimama njia panda hawajui waende wapi. Wimbo ulianguka kama ukuta wa matofali mabichi. Baada ya ibada, Mzee Minani, aliyekuwa ameimba besi tangu ujana wake na ndiye mkubwa wa kwaya, alimngoja mlangoni.

"Binti yangu, umeiua kwaya. Kitu pekee tulichonacho ambacho hakuna aliyetupa kwa mgao, umekiua."

"Najua, mzee," alisema Mathilde. Aliinamisha kichwa kwa heshima, lakini hakuomba radhi.

Alijua kuliko mzee alivyodhani. Ile sauti ya teno ambayo ndani yake alikuwa akimsikia Ndayisenga ilikuwa imetawanyika. Sasa "ours" ilitoka kila kona, kwa wanawake na wanaume, juu na chini, na hapakuwa tena na mahali pamoja pa kumsikiliza. Alipanga matofali ya kukalia kila asubuhi huku akiwaza hilo. Kisha watu waliingia, akachukua chaki.

Walipozoea kuzunguka sauti, akaondoa wimbo. Akawaambia wagombane kwa Kiingereza. Hilo walilipenda. Gakiza alijifunza kunyang'anya vitu vya watu ili wavidai, na watu wakajifunza kuvidai. Kila aliyesema "he" akimaanisha mwanamke, kwa kuwa ndimi zao zilizoea "yeye" moja kwa wake na waume, alizomewa kwa upendo.

Madamu Kamwendo alifika siku ya mawingu mazito, ameshika mwavuli, karani nyuma yake na futi lake. Alikataa kiti. Alipita katikati ya watu walioketi juu ya matofali, akasimama mbele ya Théophile, akamwonyesha Gakiza.

"Mwanamke yule ni nani?"

Midomo ya Théophile ilitembea kimyakimya, ikapanda ikashuka sauti zote nne. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza tu: "She is Gakiza. I know her. She sells tomatoes."

"Na koti hili, nani amekushonea?"

Théophile alisimama. Hakuulizwa asimame. "I made it," alisema, akashika kola kwa mikono miwili. "Myself."

Madamu aliligeukia tenga lililokuwa miguuni pa Gakiza. Akalinyanyua, akalitia mkononi kama mwenye nalo, akaanza kuondoka. "This is mine," alisema.

"No!" Gakiza aliruka kama aliyechomwa. "No, madam! Mine! It is mine! Yours is in your house!"

Banda zima lililipuka. Madamu Kamwendo alilirudisha tenga, miwani imemteleza kwa kucheka. Aliuliza watu wengi. Fabien, alipoulizwa Mathilde ni nani, alisema, "He is our teacher," na kabla Madamu hajafungua kinywa watu wote walimpigia kelele, "She!" Wengine walikosea zaidi ya hapo. Lakini walikosea kama watu wanaosema, na walisahihishana wao kwa wao, na hakuna aliyesema swali si la sauti yake. Mathilde alisimama kando ya ubao, mikono nyuma. Kila jibu lilimwinua bega kidogo, hadi akawa amesimama wima kama mlingoti wa bendera.

"Sasa niimbieni," alisema Madamu mwishoni. "Ule wimbo nimeuwaza tangu siku ile."

Walitazamana. Mathilde aliinua mkono. Waliimba, au walijaribu. Théophile alianza na soprano, akakumbuka besi, akahamia huko katikati ya neno. Gakiza alikuwa teno. Wengine walikuwa popote. Mzee Minani, aliyekuja kusimama mlangoni, aliziba masikio. Mathilde alishusha mkono kabla ya kiitikio.

"Amayi," alisema Madamu Kamwendo taratibu, "kwaya yenu imekwenda wapi?"

"Imekufa, Madamu," alisema Mathilde. "Tutaiimba upya siku moja, Mungu akipenda. Mimi nilikuwa na kitu kizuri na watu bubu. Nikachagua watu."

Yule mama aliirudisha miwani yake mahali pake. Alimgeukia karani, akamwambia kwa Kichewa maneno ambayo hata wasiojua Kichewa waliyaelewa, maana karani alianza kuviringisha futi lake. Mahindi yatafutiwe pengine. Kisha akauliza mwalimu anahitaji nini, chaki au viti, na karani akasema "mwalimu" na yeye, kana kwamba ndilo jina alilolijua siku zote.

Mvua ilianza kabla Madamu na karani hawajafika barabarani. Ilipiga bati kwa nguvu hadi hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake, na bado watu hawakutoka. Walikaa wakigombea matofali kwa Kiingereza, kwa kupiga kelele. Mathilde hakuwanyamazisha. Alisubiri mvua ipungue, akaufuta ubao, akaandika somo lililofuata katika kitabu: viwakilishi vinavyounganisha mtu na habari zake. "Who." "Whose." "That." Alisoma kwa sauti, wakarudia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni vya sauti gani.